Namna ya kupata wenzako wa kuwinda elki kwa upinde (mara ya kwanza, bila kampuni)

Wiki iliyopita nilikaa na bwana mdogo mmoja wa Goma, tunaishi naye huku Aurora, jimbo la Colorado, Marekani. Kanunua upinde mwezi wa tatu na sasa anataka kuingia milimani Septemba kuwinda elki. Mazoezi anafanya, mshale wake hauendi kombo. Nikamuuliza unaenda na nani? "Peke yangu kaka, kwani shida iko wapi?" Basi tukakaa mpaka saa sita usiku, na haya ndiyo niliyomwambia.

Kwa ambaye hajamuona, elki ni mnyama wa pembe za matawi, dume linapita kilo 300, kubwa kuliko tandala dume ila halifikii pofu. Kwa upinde unamsubiri afike mita 30 hivi, na wengi wetu tunarudi mikono mitupu. Kama unalipa kampuni ikupeleke, mwongozo huu haukuhusu, wao wana watu na farasi. Huu ni wa sisi tunaojipeleka wenyewe.

Hatua ya 1: piga hesabu ya nyama kwanza

Dume moja ukishaitoa mifupa unabaki na nyama kama kilo 90. Mtu wa kawaida mlimani, kwenye mita 3,000 ambako hewa yenyewe nyepesi, anabeba kilo 25 mpaka 30 kwa safari moja. Sasa umelipiga kilomita 5 kutoka kwenye gari. Peke yako ni safari nne, yaani kwenda na kurudi unatembea kama kilomita 35, na Septemba mchana jua linawaka, nzi wapo, nyama inaharibika unaiona. Na sheria ya Colorado haikuruhusu uchukue pembe uache nyama, miguu yote minne na sarara lazima vitoke. Mkiwa watatu, kila mtu safari moja na kidogo, mmemaliza siku hiyohiyo.

Kwa hiyo unatafuta migongo. Mpiga shabaha utakuwa wewe mwenyewe. Watu wengi wanakosea hapa, wanamtafuta bingwa wa upinde.

Hatua ya 2: pa kuwapata

Kwenye uwanja wa upinde, hasa ule wenye sanamu za wanyama zilizotawanywa porini, siyo ule wa ndani wa kupiga karatasi. Anayekuja kwenye sanamu mvua ikinyesha, huyo muombe namba. Kwenye kozi ya usalama wa uwindaji pia (kama umezaliwa 1949 au baadaye, Colorado haikuuzii leseni bila hicho cheti), darasa zima ni wageni kama wewe. Kazini. Kanisani, msikitini. Shirika la Rocky Mountain Elk Foundation huwa wana hafla za chakula mijini, nenda hata kama hujui mtu, wazee wa pale wanapenda kuongea balaa.

Usiogope kwamba hujawahi kuwinda. Watu wakisikia natoka Singida wanadhani nimefundishwa upinde na Wahadzabe, jamani, mimi nilikuwa naendesha bodaboda mjini. Wakenya ndio kabisa, kwao uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Sema ukweli kwamba ni mara yako ya kwanza. Na rafiki yako asiyewinda lakini ana miguu mizuri mchukue, abebe tu, mimi wa hivyo nampenda kuliko mwindaji.

Hatua ya 3: laleni nje usiku mmoja

Mwezi wa sita au wa saba, begi la kilo 20, panda, lala, shuka. Basi.

Hatua ya 4: mazungumzo ya gari, siku na nyama (USIRUKE HII)

Mwaka wangu wa kwanza nilienda na jamaa mmoja wa kazini. Shabaha yake mita 50 anaweka mishale mitatu kwenye kisahani cha chai, mimi nikajiona nimepata. Nimeomba likizo siku kumi, tumekubaliana "wiki hivi". Hiyo "wiki hivi" ndiyo iliyonimaliza. Siku ya pili mvua ya barafu, soksi zake zikalowa, kisigino kikachubuka. Asubuhi ya tatu niko mlangoni mwa hema nachemsha maji, nasikia dume linalia ng'ambo ya bonde, ile sauti yao kama filimbi inayoanzia chini halafu inapasuka juu, nywele zikanisimama. Nageuka kumwamsha, namkuta keshafunga begi, funguo za gari kazishika mkononi anazichezesha. "Mimi naondoka, wewe ukitaka baki." Gari lilikuwa la kwake. Mji wa karibu ni saa moja na nusu kwa gari. Nikafunga begi.

Sikumlaumu sana baadaye, maana kusema kweli hatukuwahi kuulizana lolote. Kwa hiyo sasa, kabla mtu hajalipia hata senti, namkalisha chini na tunaulizana haya, na majibu tunaandika kwenye meseji ili yabaki:

Siku ngapi hasa, tarehe ya kuondoka na ya kurudi. Magari mawili, hii kwangu haina mjadala, hata kama mafuta yanauma. Kama haiwezekani basi mwenye gari anaacha ufunguo wa pili na mwenzake. Mtu akiumwa au akichoka inakuwaje? (Kuumwa tunashuka wote. Kuchoka unashuka mwenyewe na gari lako.) Mmoja akipiga siku ya kwanza, je anarudi nyumbani na nyama yake au anabaki kumsaidia mwenzake? Mimi nataka abaki, nyama anaipeleka kwenye friji la bucha mjini halafu anarudi kambini. Nyama tunagawana vipi? Sisi ni sawa kwa sawa kwa kila aliyebeba, mpigaji anachukua pembe. Wengine wanasema mpigaji nusu, sawa tu, ila iwe imesemwa kabla, maana mbele ya mzoga ndugu hugombana.

Na kuna hili ambalo watu hawaulizi kwa aibu: mwenzako akimjeruhi mnyama, mtafuatilia damu kwa muda gani? Mimi jibu langu ni mpaka usiku na kesho yake yote. Niliyemuuliza akaniambia "saa moja mbili tunaangalia", sikuenda naye. Kingine, Colorado huwezi kutumia leseni ya mwenzako, kila mtu anapiga wa kwake. Ukisikia mtu anasema "nani atajua", achana naye mapema.

Ukiona mtu anakasirika kwa maswali haya sebuleni akiwa na chai mkononi, fikiria akiwa na njaa kwenye barafu.

Hatua ya 5: leseni

Mkazi wa Colorado (umeishi miezi sita mfululizo) bado unanunua ya upinde bila droo (bahati nasibu ya leseni) sehemu nyingi. Ila shemeji yako wa Dallas, Texas, hapana, tangu 2025 asiye mkazi lazima aingie droo kwa maeneo ya magharibi ya barabara ya I-25, na maombi yanafungwa mwanzoni mwa Aprili. Mkiomba kama kundi Colorado inawahesabu kwa pointi (zile unazojikusanyia miaka unayokosa droo) za mwenye chache kuliko wote, jimbo jirani la Wyoming wao wanapiga wastani. Kwa hiyo mwenye pointi nyingi ajue anachotoa.

Hatua ya 6: mazoezi ya kuita

Hapa mwenzako anaonekana faida yake. Mwitaji anakaa nyuma, mpigaji mbele yake kama mita 50, kidogo upande upepo unakoelekea, kwa sababu dume likisikia sauti ya jike haliji moja kwa moja, linazunguka linuse kwanza, na kwenye huo mzunguko ndipo linampita mpigaji. Fanyeni hata kwenye bustani ya jiji, watu watawashangaa, waache. Mpeane zamu, asije mmoja akawa tarishi wiki nzima.

Ramani mimi natumia programu ya simu ya onX, pakueni kila mtu kwenye simu yake kabla ya kuondoka, huko juu hakuna mtandao. Na kifaa cha setilaiti kila mtu na chake, siyo kimoja cha kundi, maana kikiwa kimoja kitakuwa kwa yule aliyeshuka na gari.

Bwana mdogo wa Goma kapata mmoja mpaka sasa, fundi bomba wa Bukavu anayefanya naye kazi, hajawahi kushika upinde ila mgongo anao. Wanakwenda kulala nje Jumamosi.