Namna ya Kuzuia Msuli Usichoke Haraka Unapochochewa kwa Umeme

Mgonjwa aliyepooza miguu baada ya kuumia uti wa mgongo, au aliyelegea upande mmoja kwa kiharusi, anapoanza mazoezi ya kuchochewa misuli kwa umeme, jambo linalowavunja moyo ndugu zake ni kuona mguu ulionyanyuka vizuri mwanzoni ukishuka kidogo kidogo, na baada ya dakika chache ukitikisika tu. Wengi hukimbilia kuongeza umeme. Hilo lapaswa kuwa la mwisho, na maelezo haya yanawahusu wanaoendelea na mazoezi nyumbani, Moshi na vijiji vyake, baada ya mtaalamu wa fiziotherapia, wa hospitali ya KCMC au wa kwingineko, kumpima mgonjwa na kumpangia mashine.

Ubongo unapouamuru msuli, hauziiti nyuzi zote kwa mkupuo. Huanza na zile ndogo zinazostahimili kazi, kisha huongeza kubwa kadiri mzigo unavyozidi, na nyuzi hupokezana. Umeme wa mashine haujui zamu. Kila pigo huamsha nyuzi zilezile, zote kwa pamoja, zikiwemo zenye nguvu nyingi ambazo huchoka upesi. Kwa aliyeumia uti wa mgongo hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa msuli uliokaa muda mrefu bila kazi hugeuka, na nyuzi zake nyingi huwa za aina hiyo ya kuchoka upesi.

Kwa hiyo anza na idadi ya mapigo kwa sekunde, ambayo kwenye mashine huandikwa Hz. Msuli wa mbele ya paja kwa kawaida hukaza bila kutetemeka kati ya 20 na 35; ukiweka 50, nyuzi zilezile hupigwa mara mbili zaidi kuliko kwenye 25, na uchovu huja mapema ingawa mguu hunyanyuka kwa nguvu mwanzoni. Shusha hadi uone mtetemo, kisha pandisha kidogo tu. Upana wa pigo, yaani muda ambao kila pigo hudumu, uwe kati ya mikrosekunde 200 na 400, na umeme wenyewe uwe ule unaotosha kuunyoosha mguu, basi.

La pili ni mapumziko, na hapa ndipo watu wengi huharibu kwa haraka zao. Katika wiki za mwanzo, kila sekunde 5 za kukaza zifuatiwe na sekunde 15 hadi 25 za kupumzika, ili damu ipite na kuurudishia msuli nguvu. Mketishe mgonjwa kwenye kiti imara, weka taulo iliyokunjwa chini ya paja, kisha bandika kipande cha plasta ukutani mahali kidole gumba cha mguu kinapofika kwenye mnyanyuo wa kwanza. Kimo kikipungua hadi nusu, funga kazi ya siku hiyo, hata kama saa ya mashine bado inahesabu. Mwenye kiharusi ambaye bado ana nguvu kidogo aambiwe, “Mama, nyoosha na wewe,” kila umeme unapoingia, kwa maana nyuzi anazoziita mwenyewe hupunguza mzigo wa zile zinazoitwa na mashine.

Kabla ya kuulaumu msuli, hata hivyo, kagua vifaa. Mara nyingine kilichochoka ni betri. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Kilimanjaro inapokaza, watu hujipaka mafuta ya mgando miguuni, na mafuta hayo huzuia umeme kupita. Osha ngozi kwa sabuni, ikaushe, ndipo ubandike pedi, yaani vibandiko vinavyoingiza umeme mwilini: moja juu ya paja upande wa nje, nyingine juu kidogo ya goti upande wa ndani, ulipo mnofu wa msuli. Zungushia kalamu ili kesho zirudi palepale. Pedi iliyokauka hurudishiwa unato kwa tone la maji safi.

Zipo pia mashine zinazogawa kazi kati ya pedi ndogo kadhaa, kila moja ikipiga kwa zamu yake, na njia hiyo huchelewesha uchovu. Lakini lazima mashine iwe imeundwa hivyo.

Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, mwenye damu iliyoganda mguuni au mwenye kidonda mahali pa pedi asiwashiwe mashine bila ruhusa ya daktari. Mifupa ya miguu iliyopooza kwa miaka huwa dhaifu na mkazo mkali unaweza kuivunja. Aliyeumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, jasho na uso kuwaka, zima mashine, mketishe wima miguu ikiwa chini, legeza nguo zinazombana na umwite daktari mara moja.

Mazoezi yafanyike siku tatu hadi tano kwa wiki. Kimo kisiposhuka tena katika kipindi kizima, punguza kwanza mapumziko, kutoka sekunde 25 hadi 20, kisha 15. Umeme uguswe baadaye.