Somo: Kubore bloku ya pikipiki ya 125, kutoka standadi hadi mia (na hesabu kwa wanaoitaka pistoni ya 62)

Kubore ni kuchonga na kupanua tundu la bloku, pale pistoni inapotembea. Somo hili ni la injini za 125 zenye vijiti vya kusukuma valvu, zile zilizotokana na Honda CG125. Nimezichagua kwa sababu zimejaa barabara zetu kuanzia Tunduma mpaka Makambako, na vipuri vyake utavikuta hata gulioni. Bloku yake ikiwa standadi ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni inatembea milimita 49.5. Ukizidisha eneo la duara hilo kwa mwendo wa pistoni unapata cc 124 na ushee. Kama yako ni aina nyingine, kanuni hazibadiliki, ila namba zitoe kwenye kitabu cha injini yako.

Pistoni za saizi zinauzwa kwa hatua za robo milimita: ishirini na tano, hamsini, sabini na tano, halafu mia. Hiyo mia ni milimita moja nzima juu ya standadi. Kijiweni utasikia kwamba ukiweka mia pikipiki inakuwa ya moto. Haya, tupige hesabu. Kipenyo cha 57.5 kinakupa cc 128.5. Umeongeza cc nne na nusu, asilimia 3.6. Hutaisikia hata ukipanda Mlima Nyoka peke yako. Saizi ziliwekwa kwa ajili ya kufufua bloku iliyolika. Anayekuuzia kama nguvu anakuuzia maneno.

Na hapa kwetu kuna sababu nyingine ya kuona pikipiki imechoka. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani. Injini inavuta hewa hafifu, basi nguvu nayo inapungua. Mtu ananunua pikipiki Dar es Salaam, anaileta huku, wiki ya pili anataka kufungua bloku. Bloku haina kosa.

Hatua ya 1: Hakikisha mgonjwa ni bloku

Moshi wa bluu una tabia mbili. Ukitoka ukiwa unavuta mafuta, hasa kwenye mzigo, shuku ringi na bloku. Ukitoka asubuhi unapowasha tu, au umeteremka mlima ukiwa umeachia mafuta halafu ukarudisha, shuku sili za valvu, na hizo ni kazi ya hedi peke yake.

Njia ya uhakika zaidi ni geji ya kompresheni. Pima injini ikiwa na moto, mafuta yamefunguliwa mpaka mwisho, andika namba. Kisha tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, piga kiki mara kadhaa, pima tena. Namba ikipanda sana, ringi na bloku zinavuja. Isipopanda, angalia valvu. Fundi anayefungua injini kabla ya kufanya hivi anabahatisha kwa pesa yako.

Hatua ya 2: Kufungua

Hapa sina mengi. Osha injini kwanza kwa nje, legeza nati za hedi kwa kupishana, toa vijiti na uvipange kila kimoja kwa nafasi yake, nyanyua bloku taratibu. Kabla hujagusa klipu za gajoni pini (pini inayoishikilia pistoni), ziba mdomo wa krenkesi (kasha la chini la injini) kwa kitambaa safi. Klipu ikidondokea ndani, hiyo siku imekwisha.

Chukua sumaku uiguse ndani ya bloku. Ikinata, ndani ni chuma cha kumimina na inaboreka. Isiponata, umeshika bloku ya alumini iliyopakwa ngozi ngumu, na ukiichonga umeiua. Hizi za 125 za vijiti kawaida zina chuma, ila sumaku haina gharama.

Hatua ya 3: Kupima

Somo lote liko hapa. Ukiweza kupima, umeshamzidi nusu ya mafundi wa mjini.

Unahitaji bore geji na maikromita. Venia ya kawaida haitoshi, tunazungumzia milimita iliyogawanywa mara mia. Pima sehemu tatu: juu pale ringi ya kwanza inapofika, katikati, na chini. Kila sehemu pima mara mbili, mara moja kufuata mwelekeo wa gajoni pini, mara ya pili kuukata. Unapata namba sita. Mara nyingi kubwa kuliko zote ni ya juu, kwa upande unaokata pini, kwa sababu huko ndiko pistoni inakosukumwa kwenye ukuta moto unapowaka. Tofauti kati ya juu na chini, au kati ya upande na upande, ikifika 0.10, ringi mpya hazitasaidia kitu. Bore.

Jambo la baridi watu hulidharau. Pistoni ni alumini, na alumini inatanuka mara mbili ya chuma cha kumimina. Asubuhi ya Julai hapa Mbeya, ukitoa pistoni mfukoni ikiwa na joto la mwili ukailinganisha na bloku iliyolala sakafuni usiku kucha, namba yako itakuwa imepotoka. Pistoni ya saizi hii ikipanda nyuzi 20 inaongezeka zaidi ya milimita 0.02, na nafasi yote tunayoitafuta kati ya pistoni na ukuta wa bloku ni 0.03 mpaka 0.05. Viweke benchi moja, vikae saa nzima joto lilingane, ndipo upime.

Hatua ya 4: Nunua pistoni kwanza, bore baadaye

Usimpelekee mchongaji bloku tupu ukamwambia "piga hamsini". Pistoni mbili zilizoandikwa 50 kichwani zinaweza zisiwe sawa, hasa hizi za bei rahisi. Nunua pistoni, ipime kwa maikromita upande unaokata pini, kama milimita 10 kutoka ukingo wa chini wa sketi, yaani ubavu wa chini wa pistoni. Sketi ndiyo pana. Ukipima kichwani utadanganyika, kichwa kimetengenezwa chembamba makusudi ili kikipata moto kisinate.

Mfano: pistoni ya hamsini imesoma 56.97. Ongeza nafasi ya 0.04, bloku iishie 57.01. Mwandikie mchongaji namba hiyo kwa kalamu kwenye bloku yenyewe, na umwachie pistoni.

Chagua saizi ndogo inayotosha kufuta uchakavu. Ukirukia mia leo wakati ishirini na tano ingetosha, umetupa maisha matatu ya bloku.

Hatua ya 5: Kubore na kuhoni

Mashine isimame wima kwa kufuata kitako cha bloku. Ukingo wa juu umeshalika, usiufuate. Achonge mpaka ibaki milimita 0.03 hivi, kisha amalizie kwa honi, yaani mawe ya kusugulia ukuta. Ukiangalia ndani uone mistari inayokatana kama wavu, karibu nyuzi 45. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili. Bloku inayong'aa kama kioo inapendeza machoni lakini ringi hazitakaa.

Kisha ioshe, na usiishie kwenye petroli. Petroli inaondoa grisi na kuacha unga wa jiwe ndani ya mistari. Tumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, kausha, halafu pitisha kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka kijivu, rudia. Unga huo ukibaki, ringi mpya zitasagika kabla hujamaliza marejesho ya wiki.

Hatua ya 6: Kufunga

Ingiza kila ringi peke yake ndani ya bloku, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ilale sawa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibamba vya kupimia mwanya). Kati ya 0.15 na 0.35 ni sawa. Ukiwa mdogo kuliko hapo, piga tupa ncha kidogo kidogo. Herufi kwenye ringi itazame juu, na mianya isipangane mstari mmoja.

Pistoni yenye neno IN kichwani, IN ielekee upande wa kabureta. Klipu ziwe mpya. Gasketi ya hedi nayo iangalie: gasketi ya standadi juu ya bloku ya mia ukingo wake unachungulia ndani, unashika moto na kuwa jiko.

Kilomita 500 za mwanzo usibebe mishikaki wala magunia. Badilisha mwendo mara kwa mara, usikamue mpaka mwisho, na oili ya kwanza imwage mapema, kwenye 300.

Maswali ya wadau

Mdau wa Matamba: Fundi habari. Nabeba viazi kutoka juu huku nateremsha Chimala, kurudi ni kona 57 na mbolea mgongoni. Nishauri, niweke mia?

Kaka, bloku yako iache kama haijalika. Badilisha sproketi ya mbele. Kama ina meno 15, weka 14. Unapata karibu asilimia 7 ya kuvuta, mara mbili ya ile pistoni ya mia, na ukikuta mbaya unairudisha jioni hiyohiyo. Utapoteza spidi ya juu kidogo, lakini kwenye zile kona nani anakimbia?

Mdau wa Tunduma: Mkuu, kuna jamaa anauza pistoni ya 62, anasema unachonga bloku ya 125 inakuwa 150. Ni kweli?

Hesabu inakubali, 62 kwa 49.5 ni cc 149. Chuma ndicho kinachokataa. Kutoka 56.5 mpaka 62 unatoa milimita 2.75 kila upande wa ukuta. Pima unene wa chuma chako cha ndani. Mimi siruhusu ibaki chini ya milimita 2, kwa sababu ikipata moto inaumuka na kupinda. Wenye akili wanatafuta bloku nzima ya 150, lakini hapo shingo yake ya chini ni nene na mdomo wa krenkesi ya 125 hauipokei mpaka uchongwe, maana yake umefungua injini yote.

Kisha kuna mbano, yaani hewa inabanwa mara ngapi. CG125 ina karibu 9 kwa 1. Ukipandisha ujazo ukabaki na hedi ileile, unafika karibu 10.6 kwa 1. Injini ya kupozwa na upepo, mafuta ya kawaida, mzigo wa mlima: itagonga. Kwa hiyo na hedi ubadilishe. Ukijumlisha yote hayo, nenda kanunue injini ya 150 iliyokamilika.

Mdau wa Tunduma: Na trafiki?

Kadi yako imeandikwa ujazo wa injini. Pia angalia leseni: daraja A1 ni la pikipiki zisizovuka cc 125, ukivuka unahitaji A. Pistoni ya saizi ni matengenezo ya kawaida. Injini ya 150 kwenye kadi ya 125 ni jambo jingine, na litajitokeza siku ya ajali, bima wanapoomba kuona namba. Nenda TRA ubadilishe kadi kwanza.

Dada wa Mafinga: Shikamoo fundi. Nataka kununua pikipiki iliyotumika nimpe kijana aendeshe. Nitajuaje kama bloku imeshaborewa?

Marahaba dada. Kwa nje hutajua. Mwambie muuzaji hedi inyanyuliwe, ukubali kulipia gasketi mpya. Futa masizi kichwani mwa pistoni, utaona namba: bila namba au STD ni standadi, vinginevyo 25, 50, 75 au 100. Ikiwa mia na inatoa moshi, shusha bei, maana hapo kinachofuata ni kupiga slivu mpya (ukuta mpya wa chuma ndani ya bloku). Akikataa hedi isinyanyuliwe, pikipiki ziko nyingi.

Mdau wa Ubaruku: Nimebore mwezi wa tano, mwezi wa nane moshi umerudi. Mchongaji kaniibia?

Huenda hana kosa, mzee wangu. Vumbi la Usangu wakati wa kiangazi ni sumu ya ringi. Fungua kisanduku cha filta uangalie, halafu ule mpira unaounganisha na kabureta. Ukiwa umepasuka, hata filta mpya haikusaidii. Pitisha kidole ndani ya mpira: ukikuta vumbi limeganda na oili, umempata mwizi. Badilisha mpira kwanza, ndipo upime bloku.

Mdau wa Kyela: Ndaga fundi. Yangu nilibore Mbeya ikawa nzuri kabisa, nimefika nyumbani ikanata njiani. Imepoa, ikawaka tena. Shida nini?

Sema kwanza, walikugusa jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta? Mafundi wengi huku juu wanapunguza mafuta kwa sababu hewa ni nyepesi. Ukiteremka Kyela umeshuka zaidi ya mita 1,000, hewa inakuwa nzito, mchanganyiko unakosa mafuta, injini inachemka. Toa plagi. Ikiwa nyeupe, rudisha jeti kubwa. Ikiwa ya kahawia, basi jeti haina neno, na nafasi ya pistoni ndiyo ndogo. Hapo fungua, tafuta mikwaruzo kwenye sketi ya pistoni, na bloku irudi kwenye honi iongezwe milimita 0.01 au 0.02.

Mdau wa Kyela: Plagi ni nyeupe pee.

Jeti hiyo. Na usiipande mpaka uibadilishe.