Kushona mkanda wa kitambaa na vitanzi vyake kwa libaya

Washonaji wengi wa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hukata kwanza mbele, mgongo na mikono ya libaya, yaani blauzi ya kike ya kitenge, kisha huutafuta mkanda katika mabaki yaliyobaki mezani. Utaratibu huo ndio unaozaa mikanda iliyoungwa mara tatu au nne, yenye uvimbe kila penye kiungo na michoro isiyokutana. Mkanda unastahili kukatwa kabla ya kitu kingine chochote, kikwembe, yaani kitenge, kikiwa bado kizima, sambamba na ukingo wake uliofumwa. Nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa hazinyumbuki sana, kwa hiyo mkanda uliokatwa kwa kuzifuata hukaza kiuno bila kulegea, ilhali uliokatwa kwa hanamu hurefuka kila unapofungwa. Ukingo wenyewe uachwe nje, kwa sababu ndipo maandishi ya kiwanda yanapochapishwa, tena ni mgumu kuliko sehemu nyingine.

Kabla ya kukata, kifue kikwembe, kianike kivulini na kukipiga pasi, kwa maana pamba husinyaa inapofuliwa mara ya kwanza, na mkanda ukisinyaa baada ya kushonwa hujikunja kandokando ya mshono.

Kwa mkanda wenye upana wa sentimita 4 ukishakamilika, kata kipande chenye upana wa sentimita 10: sentimita 8 ni za pande mbili za mkanda, na 2 zinaingia kwenye mshono. Urefu hupatikana kwa kupima kiuno na kuongeza mita 1, ili ncha zitoshe kufunga fundo la ua na bado zining'inie. Mwenye kiuno cha sentimita 80 atahitaji mkanda wa sentimita 180, nao utakatwa sentimita 182. Yadi 2 za kikwembe zina karibu sentimita 183 kabla ya kufuliwa, kwa hiyo hata aliyenunua kipande kidogo katika soko la Kadutu au Nyawera anaweza kuupata mkanda huo bila kuunga, ikiwa kitambaa hakikusinyaa kwa zaidi ya sentimita 1. Ikiwa ni lazima kuunga, tumia vipande viwili tu vya sentimita 92, na kiungo kikae katikati ya mgongo.

Kuhusu kitambaa cha kugandisha kwa pasi, maoni yangu ni kwamba mkanda wa kufunga kwa fundo hauhitaji kitu kigumu, kwa kuwa ukikakamaa hauwezi kufungika vizuri. Ukitaka uwe imara kidogo, gandisha kipande chepesi kwenye sehemu inayozunguka kiuno peke yake, na kuziacha ncha zikiwa laini. Pasi ikandamizwe na kuinuliwa, isiburutwe. Anayetumia pasi ya makaa atandike kitambaa safi juu ya kazi yake, kwani chembe moja ya majivu inatosha kuacha doa.

Kunja kipande kwa urefu, sura nzuri ikiwa ndani, na ukibane kwa pini. Shona sentimita 1 kutoka ukingoni, ukianza kwenye ncha moja, ambayo unaweza kuikata mshazari ukipenda, hadi ncha ya pili. Acha nafasi ya sentimita 10 bila kushonwa, karibu na katikati ya urefu. Nafasi hiyo ikiachwa katikati, kila nusu ya mkanda hugeuzwa peke yake, na kazi huwa nyepesi zaidi. Punguza kitambaa kilichozidi kwenye pembe bila kuugusa uzi, kisha sukuma kila ncha kwa mpini wa mwiko mwembamba hadi itokeze kwenye nafasi uliyoiacha. Piga pasi mshono ukae sawasawa ukingoni, halafu pitisha mshono wa juu kuuzunguka mkanda wote, milimita 2 au 3 kutoka ukingoni. Mshono huo ndio utakaoifunga ile nafasi.

Vitanzi ni vidogo, lakini ndivyo vinavyoushikilia mkanda mahali pake, na mara nyingi ndivyo vinavyoanza kuchanika. Kata utepe mmoja wenye upana wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 26. Kunja kingo zote mbili zikutane katikati, kunja tena mara moja, kisha ushone pande zote mbili. Utapata utepe wa sentimita 1, wenye tabaka nne, unaotosha vitanzi vitatu vya sentimita 8.

Ili kupata mahali pake, mwenye nguo avae libaya na kufunga kamba nyembamba kiunoni, nawe utie alama ya chaki kwenye mishono ya ubavuni na katikati ya mgongo. Kipimo hiki kisikisiwe mezani, kwa sababu kiuno cha nguo na kiuno cha mtu havikutani kila wakati. Kutoka kwenye kila alama, pima sentimita 3 juu na 3 chini, na uchore mstari mfupi kila mahali. Nafasi hiyo ya sentimita 6 inaonekana kubwa kwa mkanda wa sentimita 4, lakini mishono ya kukazia itakula karibu nusu sentimita kila upande.

Laza kitanzi juu ya nguo, sura yake ikitazama chini na urefu wake ukielekea mabegani, ncha yake ya chini ikivuka mstari wa juu kwa sentimita 1. Shona kwenye mstari huo, punguza ncha ibaki nusu ya sentimita, geuza kitanzi kishuke, kisha kaza kwa mshono wa pili chini kidogo ya mkunjo. Ncha ya chini ikunjwe ndani sentimita 1 na kubanwa kwa uzi wa mkono kwanza.

Ubavuni kuna tabaka za mshono zinazosaidia kushikilia. Mgongoni hakuna, kwa hiyo weka kipande kidogo cha kitambaa upande wa ndani kabla ya kushona. Libaya likiwa na zipu mgongoni, acha kitanzi cha katikati na uweke viwili kwenye mishono ya kubana kiuno, kulia na kushoto; hapo utepe ukatwe sentimita 34. Zipu ikiwa ubavuni, sogeza kitanzi cha upande huo nyuma yake kwa sentimita 1 na nusu.

Pitisha mkanda, mwenye nguo aufunge, aketi na kuinua mikono. Kitanzi kinachovuta nguo kifumuliwe na kushushwa au kupandishwa. Vikitulia vyote, piga ncha za chini kwa mashine, ukienda na kurudi mara tatu kwa mshono mfupi.