Jina lako ni Were? Namna ya kuliandika ndani ya barua ya Kiingereza

Hapa Busia, Uganda, jina Were halimshangazi mtu. Barua ikimfikia msomaji wa Kiingereza asiyetujua, mambo hugeuka: kwake "were" ni kitenzi, na hajawahi kuliona likiwa jina la mtu. Wenye jina Among wana shida hiyohiyo, na tangu Anita Among achaguliwe Spika wa Bunge la Uganda Machi 2022, hata wanaoandika habari za Kampala inabidi wawe macho. Mimi huchapa barua na mikataba, na utaratibu wangu ni huu.

1. Anza na kitambulisho. Kitambulisho cha taifa hutenga "Surname" na "Given Name". Nakili herufi kwa herufi. Basi.

2. Usimwache Were peke yake mwanzoni mwa sentensi. "Were paid in March" inasomeka kama sentensi iliyokatwa kichwa. Andika "Mr Were paid in March", au weka jina lake la kwanza. Kwenye swali ni lazima kabisa: "Were Were and his wife present?" ni kichekesho, "Were Mr Were and his wife present?" inaeleweka. Among naye hivyohivyo: "Speaker Among told MPs" haina utata, "Among told MPs" inamkwaza msomaji. Kwa Kiswahili tumezoea kusema Bwana Moses na hakuna anayelalamika, lakini katika barua rasmi ya Kiingereza "Mr" hukaa na jina la ukoo.

3. Dhibiti kompyuta. Hapa ndipo watu hukesha.

Ushauri unaousikia kila mahali ni kuongeza jina kwenye kamusi ya Word ili mstari mwekundu uondoke. Kwa Nsubuga au Wabwire, sawa. Kwa Were hausaidii kitu, maana neno hilo tayari limo. Ukiteleza ukaandika "mr were" kwa herufi ndogo, usitegemee mstari mwekundu. Kinachoweza kutokea ni mstari wa sarufi chini ya "Were was", ukikushauri ufute neno moja. Ukikubali, umemfuta mteja. Simu ndiyo mbaya zaidi: inaweza kugeuza Were kuwa "We're" bila kuomba ruhusa. Mkataba usichapwe kwenye simu, hata kama mteja ana haraka na boda inamngoja nje.

Balaa lenyewe ni "Replace All". Kijana mmoja aliletewa mkataba wa shamba uliomtaja mnunuzi kama Were, kumbe kitambulisho kinasema Wabwire. Akabadilisha yote kwa mpigo. Palipokuwa na "The boundaries were marked" ikatoka: "The boundaries Wabwire marked in the presence of the LC1 chairman." Yaani mnunuzi amejiwekea mipaka mwenyewe huku mwenyekiti wa kijiji (LC1) akitazama! Na ubaya wake ni kwamba maneno hayo yanasomeka kama Kiingereza cha kawaida, kwa hiyo usitegemee mstari wa rangi yoyote kukustua. Kama hujafunga faili, bonyeza Ctrl+Z. Kama umeshafunga, usijaribu kurudisha kwa "Replace All" ya pili, kwa sababu Wabwire halisi na wa bandia sasa wanafanana. Chapisha, shika kalamu nyekundu, soma mstari kwa mstari.

Njia salama: ndani ya dirisha la "Replace" bonyeza "More", weka alama kwenye "Match case" na "Find whole words only", kisha bonyeza "Replace" mojamoja. Hata hapo kuna mitego miwili. Swali linaloanza na "Were" litakamatwa kama jina. Na kichwa cha barua, ambacho sisi huandika kwa herufi kubwa tupu, kitarukwa: "RE: LAND WERE BOUGHT" itabaki ilivyo, na hata kabla ya kurekebishwa haikueleweka. Kwenye kichwa andika "MR. WERE" kila mara.

4. Umilikaji na wingi. "Were's land" ni shamba la Were. Akina Were ni "the Weres", bila alama ya juu. Ila angalia: kwetu ndugu wa baba mmoja na mama mmoja huweza kuwa na majina tofauti kabisa, mmoja Were, mwingine Ouma, dada yao Nekesa. "The Weres" katika barua ya urithi itawaacha nje wawili. Orodhesha majina yote, hata ukurasa ukijaa. Na "Mrs Were" uiandike tu kama mama mwenyewe analitumia jina hilo kwenye karatasi zake.

5. Kama itasomwa kwa sauti, kanisani au kwenye mahafali, andika kwa kalamu juu ya jina: "WEH-reh", silabi mbili. Msomaji akiwa mtu wa Busia, usijisumbue.