Etosha: zima gari, kaa kando ya maji

Ukienda Namibia kwa gari lako au la kukodi, usirudie kosa letu la siku ya kwanza: tulizunguka hifadhi ya wanyama ya Etosha kutwa nzima tukifukuza simba, tukaambulia vumbi. Kati ya Juni na Oktoba mvua hakuna, kwa hiyo wanyama wenyewe hulazimika kuja kwenye visima na mabwawa. Chagua kimoja, egesha pembeni asubuhi na mapema, zima injini, subiri. Saa nzima inaweza kupita bila kitu, halafu tembo wakatokea ukoo mzima.

Usiku ndiyo raha yenyewe. Kambi za Okaukuejo, Halali na Namutoni zina bwawa lenye taa, na watazamaji hukaa nyuma ya uzio. Pale Okaukuejo kifaru mweusi huja kunywa gizani. Beba blanketi na sweta zito; baridi ya Julai huko haina utani. Na ukilala nje ya hifadhi utakosa haya yote, maana mageti hufungwa jua likizama.

Barabara nyingi ni za changarawe. Kabla ya kuondoka waulize wenye gari upepo wa matairi upunguzwe kiasi gani, usizidi kilomita 80 kwa saa (ndani ya hifadhi mwisho ni 60), na hakikisha spea ina upepo. Yetu haikuwa nao. Mafuta jaza kila unapoyakuta, hata kama tangi bado liko nusu.