Pasi ya sehemu ya joto kwenye spa ya meli: namna ya kuamua kabla ya kulipa

Dada mmoja wa mtaa wa Bel-Air, hapa Lubumbashi, anasafiri na bwana yake kwa meli ya starehe. Viza na ndege zilikwisha, kabini ikapatikana, kisha ikaja bei ya spa. Akaniuliza: "Yaya, hii pasi ya sehemu ya joto tuilipe ao tuache?" Karibu kila ninayempangia safari huuliza hivyo, kwa hiyo naandika njia ninayoifuata.

Kinachouzwa ni ruhusa ya kuingia sehemu ya spa yenye sauna, chumba cha mvuke, vitanda vya vigae vinavyopashwa joto, na katika meli nyingine bwawa la maji ya moto yenye mikondo inayokanda mwili. Masaji haimo. Hiyo hulipwa peke yake, na meli nyingi huongeza asilimia 18 au 20 ya huduma juu ya bei yake.

Hatua ya 1: Angalia kama hujailipia tayari

Kwenye meli za bahari za Viking, spa iko wazi kwa kila abiria, pamoja na chumba chake cha theluji. Kampuni ya Celebrity wanaitoa bila kulipia zaidi kwa kabini za AquaClass, Carnival kwa kabini za Cloud 9 katika meli zenye spa hiyo, na MSC kwa wageni wa Yacht Club, yaani kabini zao za hadhi ya juu. Soma aina ya kabini kwenye tiketi yako kabla ya jambo lingine lolote.

Hatua ya 2: Jua kilichomo ndani ya meli yako, kwa jina lake

Hatua hii iliwahi kunila saa nyingi, na ndiyo inayoamua mengine yote. Mteja alinionyesha picha nzuri kutoka tovuti ya kampuni: bwawa kubwa, vitanda vimepangwa mbele ya vioo, bahari inaonekana. Meli aliyokuwa anapanda ilikuwa ya kampuni ileile, na spa ilikuwa na jina lilelile, lakini meli yenyewe ilikuwa ya zamani zaidi. Nilipiga simu, nikaandika, nikasubiri, nikaandika tena. Mwishowe tukajua kwamba ndani kulikuwa na sauna, mvuke na vitanda vichache tu. Tone la maji ya bwawa halikuwemo.

Tangu hapo naanza na ramani ya sitaha, si picha. Kila kampuni huiweka kwenye tovuti yake. Tafuta spa: mara nyingi iko sitaha za juu, upande wa mbele, karibu na chumba cha mazoezi. Bwawa likiwepo, kwa kawaida limechorwa. Usipoliona, usijipe moyo kwamba wamesahau kulichora. Angalia pia ramani ni ya mwaka gani, kwa sababu meli ikiingia karakana kwa ukarabati, spa inaweza kubadilishwa yote.

Baada ya ramani natafuta video ya abiria, ya hivi karibuni, ambamo mtu anaingia mlangoni na kutembea hadi mwisho. Nyota na maoni ya maandishi siyategemei. Mtu akiandika "pazuri sana" hajakuambia vitanda ni vingapi.

Kisha andika kwa kampuni. Usiishie kwenye simu, maana anayepokea mara nyingi anasoma maelezo ya meli zote kwa pamoja. Taja jina la meli na tarehe ya safari, halafu uliza: bwawa la maji ya moto lipo, na limo ndani ya pasi? Vitanda vya joto ni vingapi? Pasi zinazouzwa zina kikomo? Wanaume na wanawake wanakaa pamoja? Umri wa chini ni upi? Hili la wanaume na wanawake usilione dogo. Meli nyingi huchanganya, kila mtu na vazi lake la kuogelea, na nimeona mama akikataa kuingia baada ya kulipa kwa sababu hakuna aliyemwambia mapema.

Kuna swali moja zaidi ambalo watu hulisahau: je, vyumba vya kubadilishia nguo vina sauna au mvuke wa bure kwa abiria wote? Baadhi ya meli zinavyo. Ikiwa ni hivyo, pasi unailipia vitanda na bwawa tu.

Msimamo wangu ni huu: bila bwawa la maji ya moto, au angalau vitanda vya kutosha, acha. Sauna na mvuke mwili unavivumilia dakika 10 hadi 15 kwa mara moja, kisha unatoka kupoa. Saa zenyewe mtu huzimaliza kitandani na majini. Visipokuwepo, hutapata pa kukaa.

Hatua ya 3: Hesabu saa, usihesabu siku

Tuseme pasi ya wiki ni dola 200. Safari ina siku 2 za baharini, na kila siku utakaa saa 2. Ongeza jioni 4 za saa moja baada ya kutoka bandarini. Ni saa 8, yaani dola 25 kwa saa. Sasa jiulize kama saa moja ya kupumzika hivyo ina thamani hiyo kwako.

Wengi wetu tunapandia Durban, kwenye meli za MSC, wakati huku kwetu ni mvua na kule ni joto. Safari ya usiku 3 au 4 kwenda upande wa Msumbiji haina nafasi: siku ya kwanza unapanda mchana, ya mwisho unashuka asubuhi, na bwawa la bure liko juu penye jua. Hapo nasema wazi, usinunue. Norwei au Alaska ni jambo tofauti, kwa kuwa nje ni baridi na watu wanatafuta pa kujipasha joto.

Ukisafiri na watoto, punguza saa hizo kwa nusu. Hawaruhusiwi kuingia, na lazima mmoja wenu abaki nao.

Hatua ya 4: Uliza mwili wako

Sauna hufika nyuzi 70 hadi 90. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au mimba amwone daktari kwanza. Mwenye SS (selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi) awe mwangalifu zaidi: kupungukiwa maji mwilini na baridi ya ghafla vinaweza kuamsha maumivu makali, kwa hiyo chumba cha theluji na maji ya barafu aviache kabisa. Kama hujawahi kukaa kwenye sauna, ijaribu kwanza hapa mjini, kwenye hoteli yenye nayo.

Bwana wa yule dada ana presha. Meli yao ina bwawa zuri na siku 3 za baharini, basi tukakubaliana dada achukue pasi yake, bwana asubiri neno la daktari.

Hatua ya 5: Siku ya kupanda

Spa hutembeza wageni siku hiyo. Nenda mapema, maana penye kikomo pasi huisha. Ingia, gusa vitanda, angalia bwawa, uliza kama wanauza pasi ya siku moja. Watakuuzia masaji pia, sema utafikiri.

Ukinunua, ingia asubuhi meli ikiwa bandarini, wakati wengi wameshuka. Beba ndala na chupa ya maji.