Namna ya kuchoma tofali la vumbi la Mwezi bila maji wala saruji

Saruji ni mzigo mzito mno kuubeba hadi Mwezini. Hata ukifika nayo, maji ya kuikorogea yatachemka na kupotea kwenye ombwe, mahali pasipo hewa, kabla zege halijashika. Atakayejenga kule atajenga kwa kilicho chini ya miguu yake, yaani vumbi la miamba iliyopondwa na vimondo kwa mabilioni ya miaka. Huu ndio utaratibu ninaoutumia kwenye tanuri la umeme kuchoma matofali ya majaribio.

Hatua ya 1: Tafuta vumbi linalofanana

Wanaanga wa Apollo walirudi na kilo 382 tu za mawe na udongo kati ya 1969 na 1972, kwa hiyo usitegemee kupata hata kijiko. Tumia basalti, jiwe jeusi la volkano. Yale mabaka meusi unayoyaona usoni pa Mwezi ni tambarare za basalti, na vumbi la mfano lililotumika sana, JSC-1A, lilitokana na jivu la volkano la Arizona, Marekani.

Chagua jivu au jiwe jeusi ambalo halijaanza kuoza na kuwa udongo wa mfinyanzi, kwa sababu mfinyanzi huficha maji ndani yake. Jivu lenye chembe nyingi za kioo ni bora zaidi. Kioo hulainika mapema, nacho ndicho gundi yako.

Vaa barakoa ya kuchuja vumbi kuanzia hapa hadi mwisho. Vumbi la mwamba likishaingia kwenye mapafu halitoki. Hili silifanyii mzaha.

Hatua ya 2: Saga na uchekeche

Udongo wa Mwezi una chembe nyingi zilizo chini ya milimita 1, na karibu nusu ya uzito wake ni laini kuliko mikroni 70 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Usisage kila kitu kikawa unga. Punje kubwa zinahitajika ziwe mifupa, na unga ujaze mianya. Mimi huchekecha mafungu matatu, kisha nayachanganya upya kwa mizani. Ukiruka hatua hii, tofali litasinyaa upande mmoja.

Hatua ya 3: Kausha, kisha shindilia

Weka vumbi kwenye joto la nyuzi 120 usiku kucha. Kesho yake limimine kwenye kalibu ya chuma kidogo kidogo, ukiigonga ubavuni kila tabaka ili chembe zijipange. Halafu bana kwa jeki. Jeki ya tani 10 juu ya kipande cha sentimita 5 kwa 5 inakupa kilo 400 kwa kila sentimita ya mraba, na zinatosha.

Usiongeze tone la maji ili lishikane. Najua kishawishi kilivyo, maana kipande kikavu humeguka ukikigusa tu. Kibanie moja kwa moja juu ya kigae cha tanuri kilichonyunyiziwa unga wa alumina, usioyeyuka kwenye joto hili, ili usilazimike kukinyanyua.

Hatua ya 4: Choma

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Hatuyeyushi jiwe. Tunalipasha mpaka kingo za chembe zilainike na kugandana, huku kiini kikibaki kigumu. Kwa basalti nyingi hilo hutokea kati ya nyuzi 1,050 na 1,150, na nafasi yenyewe ni finyu. Nyuzi 20 pungufu, unapata kitu kama biskuti. Nyuzi 20 zaidi, kona zinalegea na tofali linatandazika kama uji. Kwa hiyo choma kwanza vipande vidogo vya majaribio, kila kimoja kwenye joto lake, ndipo uchome tofali kamili.

Panda polepole, nyuzi 5 kwa dakika, tulia saa 2 kileleni, kisha shuka polepole zaidi. Kati ya nyuzi 800 na 500 mimi sizidishi nyuzi 1 kwa dakika. Nyufa nyingi nilizoziona zilizaliwa kwenye kushuka, si kwenye kupanda. Shirika la Anga la Ulaya lilichoma tofali la sentimita 20 kwa 10 kwa 3 kwa miale ya jua iliyokusanywa na vioo, kwa saa 5 hivi, tabaka baada ya tabaka. Baadhi ya matofali yao yalipinda kingoni, kwa sababu kingo zilipoa kabla ya katikati.

Ukichomea hewani, tofali hutoka jekundu, kwani chuma kilichomo kimekutana na oksijeni. Mwezini hakuna hewa. Pitisha tanurini gesi ya agoni, isiyoungana na chuma, nalo litabaki jeusi.

Hatua ya 5: Lijaribu

Gonga matofali mawili pamoja. Lililoiva hulia kama chungu kizima, lenye ufa hutoa sauti butu. Kisha lizamishe kwenye naitrojeni kimiminika, yenye baridi ya karibu hasi 196, lipashe joto, urudie. Kule mchana hupita nyuzi 100, na usiku hushuka chini ya hasi 150.

Usilipe kazi isiyo yake. Hewa ya kawaida ndani ya nyumba husukuma kuta kwa nje kwa tani 10 hivi kila mita ya mraba, na tofali halivumilii kuvutwa. Kuta za kuzuia hewa ziwe za kitu kingine. Tofali lijengwe juu yake kukinga mionzi na vimondo vidogo, au litandazwe pale vyombo vinapotua ili moto wa injini usirushe vumbi.

Hatua ya 6: Rekebisha kalibu

Bila chokaa ya kuungia, matofali lazima yafungamane kwa ulimi na mfereji, na hapo vipimo havisamehe. Pima kabla na baada ya kuchoma. Kipande cha milimita 50 kikitoka na 47, kimesinyaa asilimia 6. Gawanya 50 kwa 0.94, kisha chonga kalibu ya milimita 53.2.